Karatasi Imetiwa Sahihi, Mtoto Bado Hajafika

Somo la wiki: Warumi 8:14-27. Someni pia Kutoka 2:1-10 na Esta 2:5-7.



Sura ya nane ya Warumi tunaipenda sana. Mstari wa 28 hata watoto wa Sunday school wanaujua kwa kichwa. Lakini hapo katikati kuna jambo ambalo wengi wetu tunaliruka. Katika mstari wa 15 Paulo anasema tumeshampokea Roho wa kufanywa wana, na ndiyo maana tunaweza kumwita Mungu Baba. Imekwisha, si ndiyo? Kisha unafika mstari wa 23, na Paulo yuleyule anasema tunaugua ndani yetu tukingoja kufanywa wana. Sasa ni lipi? Tumeshafanywa wana, ama tunangoja?

Shikilia swali hilo. Wiki hii tunalisoma pamoja na swali lingine ambalo baadhi yenu mmeleta, hasa ninyi wenye jamaa ng'ambo: mtu wa imani afanye nini anapotaka kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, ameomba, amefunga, amejaza fomu zote, na bado njia imefungwa? Nadhani haya ni maswali mawili yenye jibu moja.

Tuanze na Roma. Neno la Kigiriki analotumia Paulo ni huiothesia, yaani kumweka mtu awe mwana. Katika Agano Jipya ni Paulo peke yake anayelitumia, mara tano tu, na mara tatu kati ya hizo ni katika barua hii. Watu wa Roma hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Barua hii iliandikwa karibu mwaka wa 57, na Kaisari wakati huo alikuwa Nero. Nero mwenyewe alikuwa mtoto wa kuasiliwa! Kaisari Klaudio alimwasili mwaka wa 50, ingawa Klaudio alikuwa na mwana wake wa kumzaa, na miaka minne baadaye Nero akakikalia kiti.

Ona jinsi mambo yalivyokuwa. Mroma tajiri aliasili mtu ili apate mrithi, na mara nyingi alichagua mwanamume mzima, mwenye akili zake na ukoo wenye jina. Mtoto mchanga aliyetupwa hakuasiliwa. Kama kuna aliyemwokota, mara nyingi alimlea awe mtumwa wake. Kuasili kulikuwa kwa faida ya baba. Paulo analichukua neno hilo la wenye mali na kuligeuza kabisa: Baba huyu hakuhitaji mrithi, alikuwa naye Mwana tayari, lakini aliwachukua waliotupwa akawapa urithi uleule. Tukiongea juu ya kuasili kanisani ni lazima tuanzie hapo, kwa sababu ukiitoa faida ya mtoto na kuweka hamu ya mzazi, umerudi Roma ya Nero.

Sasa twende Kongo. Tarehe 25 Septemba 2013, idara ya uhamiaji ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Elewa vizuri ni kitu gani kilisimama. Kwa watoto wengi, kesi zilikuwa zimekwisha. Mahakama ilikuwa imetoa amri, na mtoto alikuwa na baba na mama kisheria, na jina lao. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, ile ya kumruhusu mtoto kupita uwanja wa ndege wa Kinshasa. Serikali ilisema ina hofu ya stakabadhi za kughushi, na ya watoto waliofika ng'ambo wakateswa au kupitishwa kwa familia nyingine kama mzigo. Hiyo hofu haikuwa ya kubuni, tutairudia.

Mamia ya familia zikabaki zimekwama, za Marekani, Ufaransa, Ubelgiji, Italia, Kanada. Mwanzoni ilisemekana ni jambo la mwaka mmoja. Mwaka ukapita. Mwezi Mei 2014, watoto 31 walitua Roma kwa ndege ya serikali ya Italia pamoja na waziri aliyekwenda kuwachukua. Fikiria wewe ni mama kule Marekani, mtoto wako yuko Kinshasa, na unatazama picha za wale 31 wakishuka kwenye ndege. Unawafurahia? Unafaa kuwafurahia. Na unalia pia. Wapo wazazi waliofunga nyumba zao na kuhamia Kinshasa ili waishi na watoto waliokuwa wao tayari. Wengine walibaki kwao wakituma pesa kila mwezi za chakula, matibabu na karo. Wapo watoto wagonjwa waliofariki wakingoja. Mlango ulianza kufunguka kwa wengi mwanzoni mwa 2016, zaidi ya miaka miwili baadaye.

Haya, rudi kwenye swali letu. Mtoto yule wa Kinshasa mwaka wa 2014, je, ni mwana ama si mwana? Ni mwana. Amri ya mahakama imesema hivyo, na hakuna afisa wa uwanja wa ndege anayeweza kuifuta. Lakini muulize analala wapi, anapikiwa na nani, akiamka usiku na homa anamwita nani. Yeye ni mwana, na bado anangoja kufanywa mwana. Kitu ambacho wasomi wa Biblia wanakieleza kwa kurasa kumi, mtoto yule alikiishi kwenye kitanda chake.

Hapo ndipo Paulo anapoliweka tumaini, katikati ya amri na kufika nyumbani. Mstari wa 24 na 25 anauliza, kwa maneno mengine, ni nani anayetumaini kitu ambacho amekishika mkononi? Tumaini ni la mtu ambaye bado hajashika. Kwa hiyo ukimwona ndugu anangoja na kuugua, usikimbilie kusema imani yake ni ndogo. Kuugua kupo ndani ya andiko, na wanaougua ni wale wenye Roho. Mstari wa 23 unasema hivyo wazi, na sisi Wapentekoste ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuuona.

Tuseme ukweli, sisi tuna mazoea mawili ambayo hayasaidii. Moja ni kutangaza kwamba jambo limeshatokea wakati halijatokea: kukiri, kudai, kununua kitanda na viatu, na kumwambia kila mtu tarehe. Sikatazi kitanda. Lakini mtu akishika kipaza sauti na kumtabiria mama kwamba ndani ya siku 40 mtoto atakuwa mikononi mwake, huyo anacheza na moyo wa mtu. Siku ya 41 yeye atakuwa crusade nyingine, na mama atakuwa mezani na ile fomu. Zoea la pili ni kinyume chake, ni kusema "labda si mapenzi ya Mungu" mara tu ofisi inapokuwa na foleni. Ofisi kuchelewa si sauti ya Mungu. Wakati mwingine ni ofisi imechelewa tu.

Lakini Kongo ilifunguka. Je, mlango usipofunguka?

Novemba 2014, Baraza la Mawaziri la Kenya hii yetu lilisimamisha mara moja wageni kuasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara haramu ya watoto. Ethiopia, ambako maelfu ya watoto walikuwa wamechukuliwa na familia za ng'ambo, ilipiga marufuku mwaka wa 2018. Na Septemba 2024 China ilitangaza kwamba haitatuma tena watoto kuasiliwa nje, isipokuwa na jamaa wa karibu wa damu na wazazi wa kambo. Tangu 1992 zaidi ya watoto 160,000 walikuwa wametoka kwa njia hiyo. Mamia ya familia za Marekani zilikuwa zimeshaunganishwa na mtoto fulani, mwenye picha na jina, kabla ya Korona kufunga kila kitu mwaka wa 2020. Wakangoja miaka minne. Halafu jibu likawa hapana.

Hapa tunafaa kuwa na adabu. Usimwendee mtu wa aina hiyo na kumwambia Mungu ana mtoto mwingine mzuri zaidi. Mtoto si kazi uliyokosa, kwamba itapatikana nyingine yenye mshahara mnono. Yule msichana ana jina lake, na mama huyu alikuwa akilitaja kila asubuhi. Warumi 8 haikuahidi kwamba serikali yoyote itatia sahihi. Iliahidi kwamba Baba hatawaacha wanawe, na Zaburi 68:5 inamwita baba wa yatima, bila kutaja mpaka wa nchi. Basi kuna imani ya aina fulani, ngumu sana, ambayo sijui kama tunaihubiri vya kutosha: kuendelea kumwombea mtoto kwa jina lake, afya yake, shule yake, wanaomlea, ukijua hutampata. Kumpenda bila kumpata. Yule mama akifanya hivyo, anafanana na Mungu kuliko sisi tuliopata tulichoomba.

Tuje kwa sheria, maana najua kuna wanaoiona kama adui wa imani. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka wa 2007, una mpangilio. Kwanza mtoto abaki na familia yake mwenyewe kama inawezekana. Kama haiwezekani, atafutiwe familia katika nchi yake. Familia ya nchi nyingine huja baada ya hayo kuangaliwa. Na idhini ya wazazi isinunuliwe kwa pesa. Sasa fungua Biblia. Esta alipofiwa na wazazi wake, alichukuliwa na Mordekai, binamu yake. Musa alichukuliwa na binti Farao, mgeni kabisa, kwa sababu kwao kulikuwa na amri ya kuua watoto wa kiume. Biblia inajua njia zote mbili. Ila mkataba unamweka Mordekai mbele ya binti Farao, na sioni kosa hapo.

Chunguza Kutoka 2 polepole. Kuna mama anayetengeneza kisafina na kukipaka lami. Kuna dada anayesimama mbali kutazama, huyo ndiye afisa wa watoto wa kwanza, ukitaka kucheka kidogo. Kuna binti wa mfalme anayejua waziwazi huyu ni mtoto wa Waebrania, na anamrudisha kwa mama aliyemzaa anyonyeshwe, tena kwa malipo. Hakumficha asili yake. Na Waebrania 11:24 inatuambia mwisho wake: Musa alipokuwa mtu mzima alikataa kuitwa mwana wa binti Farao, akaenda kwa watu wake. Ukitaka kuasili mtoto wa nchi nyingine, soma mstari huo kabla ya kununua tiketi. Siku moja atauliza. Atataka kujua lugha ya bibi yake, na kijiji, na kwa nini. Imani yako iwe na nafasi ya swali hilo.

Ndiyo maana nasema juu ya chai. Faili imelala mezani, mtu anakuambia kwa upole kwamba kuna njia ya kuiamsha. Wewe una pesa, una uchungu, na unaona ni kwa ajili ya mtoto. Usitoe. Si kwa sababu ya dhambi peke yake, ingawa ni dhambi. Karatasi iliyonunuliwa inamfuata mtoto maisha yake yote. Ukilipa ili sahihi ya mama ipatikane haraka, hutajua tena kama yule mama alikubali ama alidanganywa, na mtoto wako naye hatajua. Hofu ya serikali ya Kongo ilitoka hapo, na ya Kenya pia. Wenye haraka waliwafungia mlango waliongoja kwa haki. Hata sheria yetu kukataa kesi ya kuasili ianze kabla mtoto hajatimiza wiki sita ni kwa ajili hiyo: mama aliyejifungua juzi, labda peke yake, labda akiwa na njaa, apewe muda wa kupumua kabla ya kuulizwa kama anamtoa mtoto.

Neno kwa wenye jamaa ng'ambo. Wapo ndugu walioko Marekani na Ulaya ambao dada yao amefariki hapa na kuacha watoto, na wanafikiri kumchukua mpwa ni jambo la tiketi na pasipoti tu. Upendo huo ni wa Mordekai, Mungu aubariki. Lakini kwa nchi zilizo ndani ya mkataba, kwa kawaida idhini ya nchi mnakoishi hutangulia, ndipo mahakama ya huku ifuate. Wakianza na mahakama ya huku kwanza, wanaweza kupata amri nzuri kabisa na mtoto akanyimwa viza. Waongee na wakili na afisa wa watoto mapema, kabla ya kumwahidi mtoto chochote. Mtoto aliyeahidiwa ndege halafu akaiona ikiondoka bila yeye amefiwa mara ya pili.

Sasa tuombe vipi? Mstari wa 26 unasema hatujui kuomba jinsi ipasavyo. Mimi hupenda kwamba mstari huu umewekwa karibu kabisa na habari ya kufanywa wana, kwa sababu katika jambo la kuasili ni kweli tupu. Tuseme unaomba mtoto aje kwako. Wakati huohuo kuna shangazi mahali fulani ambaye hajui kwamba mtoto huyo yuko hai, na labda ungekuwa muujiza mkubwa zaidi apatikane. Utaomba lipi? Ukiomba faili ipite, unaweza kuwa unaomba shangazi asionekane. Ukiomba shangazi aonekane, unaomba kinyume cha moyo wako. Hapo maneno yanakwisha, na Paulo anasema Roho mwenyewe huugua ndani yetu pale maneno yanapokwisha. Kwa hiyo anayeomba kwa kulia tu, bila sentensi, asidhani ameshindwa kuomba. Na mwenye ujasiri aombe hivi: Baba, mpe mtoto huyu nyumba, hata kama si yangu. Sala hiyo haitoki kinywani kwa urahisi.

Kwetu sisi kanisani, kuna mambo madogo. Tuache kuuliza "mtoto anakuja lini?" kila Jumapili pale mlangoni, wakijua watatuambia. Tuulize "mnaendeleaje?" na tungoje jibu. Gharama za mawakili na safari ni nzito, na harambee tunazijua, tunazifanya kwa mazishi na harusi. Mtu akiulizwa na maofisa kama ana watu wa kumsaidia kulea, awe na majina ya kutaja, na hayo majina yawe yetu.

Na kuna jambo moja ambalo linanikera, nitalisema tu. Tunaimba kwa nguvu kwamba tumefanywa wana na warithi pamoja na Kristo. Tukitoka nje, tunasikia mshirika ameasili mtoto kutoka kituo cha watoto hapa mjini, na maneno yanaanza: damu ya watu haijulikani, atarithi shamba vipi, si angengoja Mungu amfungulie tumbo. Milango ya ng'ambo ilipofungwa, wale watoto hawakutoweka. Walibaki huku, karibu na sisi, na mkataba ulikuwa umeshasema kwamba kabla ya familia ya mbali waulizwe walio karibu. Walio karibu ni sisi. Wakitukuta tunajadili damu, wangoje tena? Mkiwa na damu moja tu ya kujadili kanisani, jadilini ile iliyowaingiza ninyi katika nyumba ya Baba mkiwa wageni.

Simaanishi kila mtu aasili. Si wito wa kila nyumba, na mtu asisukumwe na mhubiri kumchukua mtoto, kwa sababu mtoto hujua akichukuliwa kwa shinikizo. Kuna wa kuasili, kuna wa kumlea mtoto kwa muda jamaa wakitafutwa, kuna wa kulipa karo ili mjane asilazimike kuwatoa watoto wake, na hilo la mwisho labda ndilo linalozuia uyatima mwingi kuliko yote.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: mmoja asome Kutoka 2:1-10 kwa sauti, kisha kila mtu achague mmoja kati ya wale wanawake watatu, mama, dada, binti Farao, aeleze ni nini alichopaswa kuachilia. Msiharakishe hapo, wanaume pia wajibu. Kisha someni Warumi 8:15 na 23 pamoja, na mzungumze ni jambo gani katika maisha yenu ambalo amri yake imeshatoka lakini bado hamjaliona likifika nyumbani. Mmalizie kwa maombi. Kama mnajua familia inayongoja, ombeni kwa majina, la mtoto kwanza, halafu la aliyemzaa, halafu la wanaomngoja.